Nusu Kichwa Barazani

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Waulizeni wanaoniletea nguo. Mtu akinunua kitambaa kibaya namwambia ni kibaya, akinuna na anune, cherehani yangu haiendeshwi kwa tabasamu la mtu. Kwa hiyo nikikaa hapa nikamsifu mkwe wangu, mjue tu kwamba aisifuye mvua imemnyea.

Tunafanya kazi kibaraza kimoja. Upande wa kulia ni cherehani yangu, pasi ya mkaa, na vipande vya vitambaa ambavyo kila siku nasema nitavitupa. Upande wa kushoto ni kigoda chake, mkeka, kioo kilichopasuka pembeni, vitana vya kila aina na mafungu ya nywele za bandia. Yeye ni msusi. Mwanangu, mumewe, ni dereva wa lori. Akirudi analala, akiamka anaondoka. Nyumba imebaki ya wawili, na ukitukuta asubuhi tunavyogombania ndoo ya maji utadhani mimi ndiye niliyemwoa.

Kinyozi hajinyoi, ndivyo walivyosema, na msusi wangu ndiyo kabisa. Kichwa chake kimefungwa kitambaa mwaka mzima.

"Wewe na kitambaa hicho," namwambia, "wateja watadhani una upara."

"Wateja hawaji kuangalia kichwa changu, mama. Wanakuja na vyao."

Basi hivyo ndivyo alivyo. Hapazi sauti. Mwenye mdomo humu ndani ni mimi, na mtaa mzima unajua. Ungeniambia mmoja wetu atakwenda kupambana na serikali, ningekwambia ni mimi, na ningekuwa nimekosea vibaya sana.

Sasa niseme la mlango, maana bila hilo hamtanielewa. Mwisho wa mtaa wetu kuna zahanati. Nyumba nyeupe, mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu. Kitanda cha kujifungulia kipo ndani, kimefunikwa nailoni. Lakini ilikuwa ikifungwa jioni mapema, na Jumapili haikufunguliwa kabisa, kana kwamba watoto wanasoma kalenda tumboni. Mkwe wangu alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza siku ya Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyeupiga mlango ule. Niliupiga kwa ngumi, nikaupiga kwa kiatu. Nilimwita Mungu, nikamwita muuguzi, nikamwita mama yangu aliyekufa zamani. Hakuna aliyeitika. Mpaka tupate gari, mpaka tufike hospitali kuu upande wa pili wa mji, mtoto alikuwa amechoka. Alizaliwa kimya. Wa kiume. Nguo ya kumzikia nilimshonea mimi, kwa cherehani hii hii, na sitalirudia tena hilo.

Mkwe wangu hakulaumu mtu. Alikaa ndani, akatoka, akarudi kwenye kigoda chake. Akaanza kusuka tena, kimya. Watu wakasema, amepoa. Mimi nilisema moyoni, kimya kingi kina mshindo. Na alipopata mimba ya pili, hata kabla hajamwambia mumewe, alikwenda zahanati kumuuliza muuguzi swali moja tu: kwa nini mlango unafungwa?

Muuguzi wetu ni mwanamke wa watu, ana miguu iliyovimba kwa kusimama. Alimwambia, "Niko peke yangu, mdogo wangu. Nikifanya kazi mchana na usiku mtanizika mimi. Jimbo limekubali kutuletea wauguzi wengine na mlinzi. Lakini baraza la mji halijapitisha azimio."

"Azimio ndiyo nini?"

"Madiwani wakae, wainue mikono. Basi."

Jioni ile tunakula, naona mkwe anazungusha kijiko tu kwenye sahani. Mara akasema, "Mama, kumbe kinachokosekana ni mikono."

"Mikono gani tena?"

"Ya kuinuliwa."

Nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa. Lakini wiki ile ile alifunga safari mpaka ofisi ya jimbo kuhakikisha. Kule wakamtuma dirisha hili, dirisha lile, mwisho akampata bwana mmoja mwenye tai aliyemwambia ukweli: wauguzi wapo, ila baraza lenu lisipoamua kabla mwaka wa serikali haujafungwa, watapelekwa mji mwingine ulioomba. Alirudi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alihesabu kwa vidole, akanitazama. Mwaka wa serikali ulikuwa unafungwa karibu kabisa na siku zake za kujifungua.

"Achana nao," nikamwambia. Niliogopa, ndiyo, na mimi nikiogopa huwa mkali. "Dua la kuku halimpati mwewe. Kaa usuke."

"Nitasuka, mama. Ila Alhamisi ya baraza sisuki."

Kumbe vikao vya baraza ni vya wazi. Sheria inasema mwananchi yeyote anaweza kuingia akasikiliza, mradi akae kimya. Mimi nimezeeka mji huu na sikuwahi kulisikia hilo. Na benchi la wananchi lipo, nyuma ya ukumbi, chini ya saa ya ukutani. Mkwe alipoingia mara ya kwanza alikuta madiwani wamelijaza kofia za pikipiki, miavuli na katoni za maji. Karani ilibidi asogeze vitu, huku akimwangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Unamtafuta nani, dada?"

"Simtafuti mtu. Nimekuja kukaa."

Akakaa. Akasikiliza gari la mwenyekiti linalohitaji matairi, na paa la soko, na ubishi mrefu kuhusu barabara ipewe jina la nani. Suala la zahanati liliwekwa mwisho. Ilipokaribia saa sita, diwani mmoja mnene akatazama saa, akaweka simu sikioni, "Halo? Halo?", akatoka. Simu yenyewe haikuwa imelia. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Karani akahesabu waliobaki, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, akidi haijatimia." Yaani madiwani waliobaki ni wachache mno kuamua jambo. Kikao kikaahirishwa.

Aliporudi akanisimulia, nikampa yule mnene jina pale pale: Mheshimiwa Saa Sita.

"Lakini wanakimbia nini?" nikauliza. "Si wakatae tu kama hawataki?"

Mkwe alikuwa amekwisha kuelewa. Kila diwani alitaka wauguzi wale waende kata yake. Akikubali waje kwetu, watu wake watamsema. Akikataa, ataonekana hana huruma. Kukataa ni aibu, kukubali ni hasara. Lakini kwenda kula mchana hakumuudhi mtu. Hivyo ndivyo jambo letu lilivyokuwa likifa, kikao baada ya kikao, kwa njaa ya waheshimiwa. Ningekuwa mimi ningepanda juu ya meza. Yeye alirudi kikao kilichofuata, na kilichofuata tena, tumbo likizidi kutangulia mbele yake. Mpaka karani akazoea, akawa anamwondolea vitu benchini kabla hajafika.

Sasa sikilizeni kosa lililotuokoa.

Alhamisi moja karani alikuwa amemwambia kwamba siku hiyo zahanati itakuwa jambo la kwanza. Mkwe akaamini. Akaanza kumsuka mteja asubuhi mapema, akidhani ataruka barazani mara moja na kurudi kumalizia. Na mteja mwenyewe ni nani? Muuza mkaa wa sokoni, yule tunayemwita Kipaza kwa sababu ya sauti aliyopewa na Mola wake. Alikuwa na safari mchana. Mkwe akamsuka upande mmoja, mistari imelala vizuri, akamwambia, "Dada, nisubiri kidogo," akaondoka. Upande wa pili ukabaki umesimama.

Bila shaka zahanati haikuwa ya kwanza. Saa zikapita. Kipaza ameketi kibarazani kwangu, anaitukana cherehani yangu, anaitukana serikali, anautukana ukoo wetu.

"Mkweo ameniacha kama shamba lililolimwa nusu!"

"Vumilia, dada."

"Nivumilie nini? Nitapanda gari hivi? Nionyeshe huko barazani ni wapi!"

Akainuka. Nikaacha suruali ya mtu chini ya sindano nikamfuata mbio, maana nilijua atakwenda kutuaibisha. Tukafika kwenye jengo la baraza, tunapanda ngazi, nani anatoka? Saa Sita, simu sikioni, "Halo? Halo?"

Kipaza akasimama. "Hee! Mheshimiwa! Si wewe? Mimi ndiye niliyekupigia kampeni kwenye kata yetu! Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka! Unakwenda wapi?"

"Aa, mama, nina dharura kidogo…"

"Basi twende nikusindikize. Nina maneno na wewe tangu uchaguzi."

Wallahi sikuwahi kuona kitu kama kile. Alimshika mkono, kwa adabu kabisa, wakashuka ngazi wote wawili: mheshimiwa na tai yake, na Kipaza na nusu kichwa, upande mmoja umelala na mwingine umesimama kama umepigwa na umeme. Na sauti ile! Anamuuliza habari ya kisima, anamuuliza habari ya taa za barabarani, anamuuliza mke hajambo. Wang'arisha viatu wakaacha viatu. Wauza magazeti wakaacha magazeti. Mtu mmoja akatoa simu apige picha. Walipofika getini Saa Sita alikuwa amelowa jasho.

"Nimesahau miwani ndani," akasema.

Miwani alikuwa ameivaa. Lakini alirudi, akapanda ngazi mbili mbili, akaketi kwenye kiti chake.

Siku hiyo akidi haikutimia hata hivyo, wengine walikwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Lakini mimi nilichungulia ndani nikamwona mkwe wangu kwenye benchi lake. Hakuwa anacheka kama sisi. Alikuwa anawatazama madiwani mmoja mmoja, jinsi anavyokitazama kichwa cha mteja kabla hajapasua njia ya kwanza.

Jioni akaniuliza, "Mama, mtu akiondoka kwako unamfanyaje?"

"Namsindikiza. Kwani wewe hulijui hilo?"

"Ni kosa kumsindikiza mtu?"

"Kosa ni kumwacha aende peke yake."

"Haya," akasema, na akaanza kuosha vyombo. Nikajua jambo limeiva.

Fikirini: mwanamke yule ameshika vichwa vya mji mzima. Wanatoka kila kata kuja kwenye kigoda chake, na msusi hasahau kichwa wala maneno yaliyotoka humo. Alijua nani amewahi kujifungulia njiani, nani dada yake hakufika hospitali, nani anaogopa tumbo la binti yake. Akawafuata mmoja mmoja. Ombi lake lilikuwa hili: Jumatano nitakusuka upande mmoja tu. Alhamisi utakuja kukaa nami barazani, kimya. Diwani wa kata yako akiinuka, na wewe inuka, umsindikize. Kikao kikiisha nitakumalizia.

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mwalimu mmoja, mtu wa heshima zake, akamwambia pale pale kibarazani, "Nitoke mbele za watu na nusu kichwa? Wanafunzi wangu wataniona. Naunga mkono jambo lako, lakini hilo la aibu niondolee."

Mkwe hakubisha. Alikifungua kitambaa chake kichwani. Tangu aolewe sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya mteja. Nywele zilikuwa nyingi, zimejikunja, zimechoka kufungwa. Akachukua kitana, akaja upande wangu, akakaa chini miguuni pangu na tumbo lake lile.

"Nisuke, mama. Upande mmoja."

"Mimi? Mimi ni fundi cherehani!"

"Ndiyo maana. Siwezi kuwaomba wenzangu aibu ambayo mimi mwenyewe sina."

Nikamsuka. Vidole vyangu vinajua pindo, havijui kichwa. Mstari wa kwanza ulianzia sikioni ukaishia sijui wapi, wa pili ukamfuata mwenzake kama mlevi. Ilikuwa kazi mbaya kupita zote nilizowahi kuzifanya kwa mikono hii. Mwalimu alisimama anatutazama. Nilipomaliza, akavuta kigoda, akakaa, akavua mtandio wake.

Siku ya siku ilipofika, na kilikuwa kikao cha mwisho kabla mwaka wa serikali haujafungwa, nilifunga cherehani nikaenda. Ukumbi ule una madirisha marefu na panka moja inayozunguka kwa uvivu. Meza za madiwani zimepangwa nusu duara. Nyuma yetu ukuta, juu yetu saa. Wanawake wakaingia mmoja mmoja, wakasema shikamoo kwa waliostahili, wakaketi. Benchi likajaa, karani akaleta viti. Kila mmoja nusu kichwa. Mwalimu yupo, Kipaza yupo, bibi mmoja mpole kutoka kata ya ng'ambo yupo, na mkwe wangu katikati, mkono mgongoni, mistari yangu iliyopinda mbele ya macho ya umma.

Mwenyekiti akashusha miwani. "Karani, hapa ni barazani au ni saluni?"

Karani akafungua kitabu cha kanuni, akafunua mbele, akafunua nyuma. "Mwananchi anaruhusiwa kukaa akiwa kimya, mheshimiwa. Hakuna kifungu cha nywele."

Diwani mmoja akacheka akajifanya anakohoa. Kikao kikaanza.

Mambo yakaja, yakapita. Saa yetu ya ukutani ikasogea. Ilipokaribia saa sita, Saa Sita akajipapasa mfukoni, akatoa simu, akaiweka sikioni. "Halo?" Akainuka. Kipaza akainuka. Hakusema kitu, alijiweka sawa mtandio begani tu, kama mtu anayejiandaa kutembea. Saa Sita akamtazama, akaitazama simu yake. Akaketi.

Kijana mmoja, diwani mwenye viatu vilivyochongoka, akadhani yeye ni mjanja. Akaelekea mlango wa nyuma. Mwalimu akachukua mkoba wake, akamfuata kwa hatua za darasani. Tukasikia sauti ya upole kule nje, "Nakusindikiza, mheshimiwa, jua kali." Kabla karani hajamaliza kusoma ukurasa, kijana amerudi. Mmoja tu ndiye aliyethubutu kufika mpaka hotelini. Yule bibi mpole alikwenda naye, akaketi mbele yake mezani na nusu kichwa chake cheupe, akamuuliza mbele ya wahudumu wote kwa nini zahanati inafungwa Jumapili. Mheshimiwa alirudi ukumbini kabla sahani haijafika. Bibi nyuma yake anamwambia, "Angalia ngazi, baba."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku hiyo matumbo yaliyoumia yalikuwa ya waheshimiwa. Niliyasikia yakinguruma. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Hakuna aliyetoka tena. Na mwisho, kwa kukosa pa kukimbilia, wakafika kwenye zahanati.

Karani akahesabu, akahesabu tena, akatabasamu. "Akidi imetimia."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Huyu anataka wauguzi kwake, yule anasema kata yake imesahauliwa. Saa Sita akasema watu wake nao wanazaa. Na alikuwa na haki, niseme ukweli. Hata Kipaza alitikisa kichwa kukubali. Nikaona jambo linateleza tena. Mwenyekiti akachoka, akawatazama wanawake wale, akauliza kama kuna mwananchi anayeomba ruhusa ya kusema.

Mkwe wangu akasimama. Nilitaka kusimama mimi nimsaidie, mdomo wangu ulikuwa tayari, Mungu anajua. Mwalimu akanivuta kanga nikakaa.

"Waheshimiwa," alisema, kwa sauti ile ile ya kumuuliza mteja kama anaumia. "Mwanangu wa kwanza alizaliwa amekufa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Sikuja kumlaumu mtu. Wa pili huyu hapa, anawasikiliza. Kwetu kitanda kipo tayari, kwa hiyo naomba muanzie kwetu. Lakini watu wa kata nyingine nao wanazaa, mheshimiwa amesema kweli. Basi mkianzia kwetu, kikao kijacho nitakuja kukaa hapa hapa kwa ajili ya zahanati ya kwake. Na kijacho tena kwa ajili ya nyingine. Nitakaa mpaka ziishe."

Akaketi, polepole, kwa sababu ya tumbo.

Panka ilikuwa inalia peke yake. Kisha Saa Sita, huyo huyo, akainua mkono wa kwanza. Ilikuwa njaa au ilikuwa Mungu, mimi simchunguzi. Wengine wakafuata. Hata yule wa viatu vilivyochongoka. Nilikuwa nalia kwa nguvu kinyume cha kanuni zote, na karani akajifanya hasikii.

Mkwe hakurudi nyumbani kusherehekea. Alitandika mkeka wake kwenye ngazi za baraza, akawamalizia wale wanawake mmoja baada ya mwingine, kama alivyoahidi, mpaka jua likaanza kushuka. Nilimwambia, "Pumzika, utazaa hapa." Akanijibu, "Nina kichwa cha mwalimu bado."

Wauguzi walikuja. Mlinzi alikuja na kiti chake. Watu waliniambia sasa mlango haufungwi, nikawaambia vizuri. Lakini mimi sikuwa nikipita mbele ya mlango ule. Tangu Jumapili ile ya kwanza nilikuwa nikizunguka mtaa wa nyuma hata kwenda kununua chumvi. Maneno ya serikali nimeyasikia mengi. Mlango nilioujua mimi ni ule ulionichubua ngumi.

Ikawa Jumapili. Tumekaa kibarazani, mkwe akasema, "Mama, uliniaibisha kwa mistari ile. Njoo nikuonyeshe kusuka." Nikakaa chini, akaanza na mvi zangu. Raha iliyoje! Akamaliza upande mmoja. Mara mikono ikasimama.

"Nini? Umechoka?"

"Mama. Ni sasa."

Nikaruka. Nikaanza kumwita mwenye gari, nikaanza kutafuta viatu nilivyokuwa nimevivaa. "Hospitali kuu! Leteni gari twende hospitali kuu!"

"Hapana," akasema, ameshika nguzo. "Tunakwenda kwa miguu. Ni hapo mwisho wa mtaa."

"Leo Jumapili, mwanangu!"

"Najua leo ni siku gani."

Tukaenda. Anasimama, anapumua, tunaendelea. Tukaukaribia mlango ule wa bluu. Nikamwacha na jirani aliyekuwa ametufuata, nikatangulia mbio, mzee mzima, ngumi nimeshainyanyua hewani kabla sijafika, na jina la Mungu mdomoni. Nikapiga.

Ngumi haikupiga kitu. Nilipepesuka mpaka ndani, na muuguzi mmoja mgeni, msichana mwenye mikono yenye nguvu, akanidaka kabla sijaanguka.

"Taratibu, bibi. Mlango uko wazi."

Nikabaki nimemshikilia. Nililia pale mlangoni kama mtoto, mvi zimelala upande mmoja na kusimama upande mwingine. Nikahisi mkono begani. Mkwe wangu amefika, jasho linamtiririka.

"Mama," akasema, "unazuia njia."

Mtoto ni wa kike. Alipotoka alipiga ukelele mmoja ambao Kipaza angejivunia.

Alhamisi iliyofuata nikapeleka chai kitandani nikakuta mama mtu anatafuta viatu. "Leo kuna baraza," ananiambia. "Ni zamu ya zahanati ya kata ya Saa Sita. Niliahidi."

"Lala! Una wazimu?"

"Nani atakaa, basi?"

Nikamtazama. Nikamtazama mjukuu wangu. Nikachukua mtandio wangu, na nusu kichwa changu kama kilivyokuwa, maana nilimkatalia mtu mwingine yeyote asikiguse. Karani aliponiona akaondoa miavuli benchini. Wengine walikuwa wamefika tayari. Nikaketi chini ya saa.

Ilipokaribia saa sita, viatu vilivyochongoka vikatoa simu. "Halo?" Nikainuka. Akanitazama kichwa, akaketi. Saa Sita akageuka kwenye kiti chake, akaniinamia kidogo, akaninong'oneza, "Mama, mtoto hajambo?"

"Analia, mheshimiwa," nikamwambia. "Analia usiku na mchana, hatulali."